Panchi ya mpini niliyoifua mwenyewe inavimba ncha na kunasa. Kosa ni chuma, moto au mkono?

#1 Mfua Usiku
Habari wakuu. Nimeamua kujifulia panchi ya mpini (chuma cha kutobolea chuma kingine kikiwa cha moto), maana ile fupi ya kushika kwa mkono ilikuwa inaniunguza vidole kila nikipitisha mapigo mawili.

Nimechukua kipande cha ekseli ya gari, unene mm 32, urefu mm 180. Nikatoboa jicho la mpini, nikafua ncha mpaka mm 12, nikaisawazisha kwa grainda na tupa. Nikaipasha mpaka sumaku ikaacha kuishika, nikaizimisha kwenye oili ili iwe ngumu, nikaing'arisha kwa msasa na kuirudishia moto taratibu mpaka ikapata rangi ya majani makavu. Mpini ni wa mti, nimeukaza kwa kabari kama wa nyundo.

Tundu la kwanza kwenye bapa la chuma lenye unene wa mm 16 lilitoka safi. La pili panchi ikanasa. La tatu ikanasa kabisa, na nilipoing'oa nikakuta ncha imevimba kama fundo la mwanzi, tena imepinda kidogo. Halafu kila pigo linanivuma mpaka kwenye kiwiko.

Nimekosea wapi? Chuma, kuzimisha, au umbo?

#2 Cheche
Chuma, mkuu. Ekseli haifai kuingia ndani ya chuma chekundu. Tafuta H13, ile feleji ya zana za kazi ya moto, ifue, na utasahau habari za ncha kuvimba.

#3 Mzee wa Fuawe
Kabla hamjamtuma kijana kutafuta chuma kingine, ajibu jambo moja. Mfua Usiku, ulipiga mapigo mangapi ndipo ukaichomoa panchi?

#4 Mfua Usiku
Shikamoo mzee. Sikuhesabu, ila kumi yalifika. Labda kumi na mawili. Nilitaka nimalize kwenye moto mmoja kabla chuma hakijapoa.

#5 Nyundo Mbili
Mapigo kumi na mawili bila kuitoa! Hiyo panchi umeipika mkuu, hukuipiga.

#6 Mzee wa Fuawe
Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Chuma unachokitoboa, kikiwa na rangi ya chungwa inayoelekea manjano, kiko kwenye nyuzi 1,100 za Selsiasi hivi. Ncha yako ni mm 12 tu na imezungukwa na moto huo pande zote. Rangi ya majani makavu uliyoihangaikia ni kama nyuzi 220. Ile ya buluu, ambayo ugumu unakuwa umeshalegea sana, ni kama nyuzi 300. Ncha ikikaa mle ndani inazipita zote hizo upesi, mwisho nayo inakuwa nyekundu. Ikishakuwa nyekundu, unagonga chuma laini ndani ya chuma laini. Itavimba tu, hata ingekuwa ya feleji ya namna gani. Na ikishavimba chini kuliko juu, itatokaje?

Mimi napiga mapigo matatu, sana sana manne. Naichomoa, nachovya ncha kwenye maji, naitikisa, narudi. Pigo la kwanza huwa jepesi, la kuweka alama. Nikiona kimo cha panchi hakishuki tena na mlio umebadilika, ule wa kugonga kitu kigumu, najua nimekaribia fuawe. Nageuza kazi. Upande wa pili kunaonekana doa jeusi la duara, pale palipokuwa pembamba na kupoozwa na fuawe. Naisimamisha panchi juu ya doa lile, pigo moja la kukata, kisha nasogeza kwenye tundu la fuawe na kidonge, yaani kile kipande kilichokatwa, kinaanguka chini.

Ekseli yako haina kosa. Ya kwangu nimeifua kwa ekseli pia na inafanya kazi mpaka leo.

#7 Cheche
Mzee, kwa heshima zote, panchi yako inafanya kazi kwa sababu unaibembeleza. H13 imetengenezwa kwa kazi hii hii. Ina kromiamu asilimia 5 hivi, ina molibdenamu na vanadiamu, na ndiyo maana inatumika kwenye kalibu za kumiminia alumini iliyoyeyuka. Inabaki ngumu kwenye joto ambalo ekseli imeshakuwa ugali.

#8 Mgeni wa Mkaa
Nilifuata ushauri kama huo wa Cheche nikapata H13. Nikaifua kwa shida, maana ni ngumu kufuliwa, nyundo inaruka. Siku ya kwanza nikapiga mapigo matano, nikachovya kwenye maji kama anavyofanya Mzee. Nikasikia "tik". Ufa kuanzia kwenye kingo mpaka katikati ya ncha. Kazi ya siku mbili.

#9 Tupa Bapa
@Mgeni wa Mkaa pole sana. Hapo ushauri wa #6 na wa #7 ni sahihi kila mmoja peke yake, ila haviendi pamoja. H13 inakuwa ngumu kwa kupoa hewani tu. Ikiwa nyekundu halafu ukaitumbukiza kwenye maji, inapasuka. Mwenye H13 aiache ipoe hewani, au awe na panchi mbili za kupokezana. Maji ni ya ekseli na springi, na hizo nazo uchovye kabla ncha haijafika kwenye wekundu. Springi nyingi za bamba zina kaboni asilimia 0.6 hivi. Zikifika nyekundu na kuingia kwenye maji, nazo zitakufanyia yale yale.

#10 Binti Mvukuto
Naona wote mmekimbilia moto na chuma, hakuna aliyeuliza umbo. Mleta uzi, chukua panchi yako, isimamishe mbele ya dirisha na uitazame ubavuni. Kuanzia kwenye uso, yaani pale bapa mwisho wa ncha, kwenda juu, inanenepa kidogo kidogo au iko sawasawa kama penseli? Ikiwa sawasawa itanasa hata ukipiga mapigo mawili, kwa sababu tundu linapopoa linabana.

Yangu ina mm 12 usoni, na mm 60 kwenda juu imefika mm 15. Mnenepo mdogo, jicho linauona kwa shida, lakini kidole kinausikia.

Halafu uso wenyewe. Pitisha kidole gumba kwenye kingo kutoka katikati kwenda nje. Kikiteleza bila kukwaruzwa, kingo zimeshakuwa duara na hiyo panchi haikati, inasukuma. Unaongeza mapigo kufidia ukali ambao haupo, na mapigo yakiongezeka ndipo joto la Mzee linapokukuta. Mimi kila baada ya matundu manne au matano nasugua uso juu ya tupa bapa, panchi ikiwa wima, mpaka kingo zing'ae duara zima. Ni kazi ya dakika mbili.

#11 Nyundo Mbili
Dada hapo umenena. Wengi wetu tunachonga ncha iwe kali kama ya penseli iliyochongwa tukidhani ndiyo itaingia vizuri. Inaingia kweli, lakini kidonge hakitoki, chuma kinasukumwa pembeni na upande wa chini kinachanika.

#12 Mfua Usiku
Asanteni sana. Binti Mvukuto, nimepitisha kidole. Kingo ni duara kabisa, hazikwaruzi popote. Ubavuni sijui, maana imeshavimba.

Na huku kuvuma kwenye kiwiko?

#13 Koleo Refu
Toa kabari. Nyundo inafungwa kabari kwa sababu unaizungusha hewani na kichwa kikichomoka kitamkuta mtu. Panchi haizungushwi, inasimama tu pale ulipoiweka. Mpini wake unatakiwa uingie kwa kulegea kidogo, ucheze kwenye jicho. Pigo linaishia kwenye panchi, mkono wako unasikia mguso tu.

#14 Tupa Bapa
Sikubaliani na Koleo Refu. Mpini ukicheza, panchi inajizungusha unapoinua nyundo. Kwenye panchi ya duara si neno, lakini kwenye panchi bapa ya kutobolea jicho la nyundo ukiteleza digrii tano tu, jicho linakwenda kombo. Mimi naweka kabari, ila mpini nauchonga mwembamba baada ya jicho, uwe unanesa. Urefu mm 400. Mtikisiko unamalizikia kwenye mti.

#15 Koleo Refu
Jicho lenye umbo la yai halizungushi mpini hata ukilegea. Ambaye panchi yake inajizungusha ametoboa jicho la duara.

#16 Jiliwa
Mimi niliacha mti kabisa. Nimefua mfereji kuzunguka panchi, juu kidogo ya katikati, kisha nikapasha nondo laini ya mm 8 mpaka nyekundu na kuivingirisha kwenye mfereji mara moja na nusu, nikaisokota iwe mpini. Haiungui na haipasuki. Inalegea baada ya muda, basi naipasha tena na kuikaza.

Kitu kimoja nawaomba: msichomelee mpini kwa weldingi kwenye panchi ya ekseli au springi. Chuma cha namna hiyo kikichomelewa kikiwa baridi, pembeni mwa weldingi panakuwa pagumu na pa kuvunjika kama kioo. Ya kwangu ilikatika hapo hapo kwenye maungio, na kichwa kiliruka kikapita karibu na shavu langu.

#17 Mgeni wa Mkaa
Na kisogo jamani, ule upande unaopigwa nyundo, msikisahau. Kisogo kisizimishwe. Kiwe laini kuliko nyundo, kingo zake zichongwe, katikati pawe na kilima kidogo ili pigo litue katikati. Kikianza kuota uyoga, yaani kingo kutanuka nje kwa mapigo, kata uyoga wote kwa grainda siku hiyo hiyo. Vile vipande vya pembeni vinaruka kama risasi, na miwani ivaliwe hata kama unapiga pigo moja.

#18 Mzee wa Fuawe
Kweli kabisa #17. Nawajua wawili wenye kovu la hilo.

Niongeze kuhusu kunasa. Baada ya mapigo mawili ya mwanzo, mimina vumbi la makaa ya mawe ndani ya tundu, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Panchi ikipigwa, lile vumbi linaungua, gesi inajaa chini na kuisukuma panchi juu. Utaona mwali wa njano unachomoza pembeni ya ncha. Tangu nianze kufanya hivyo sijanasa.

#19 Nyundo Mbili
Mzee, vumbi hata mimi natumia, lakini sidhani kama ni gesi inayosukuma. Gesi ina upenyo wa kutokea pembeni, huo mwali ndio ushahidi wake. Nadhani vumbi linazuia vyuma viwili visigusane. Chuma cha moto na ncha safi, ukivigonga pamoja vinashikana. Vumbi linakaa katikati kama unga ubaoni.

#20 Cheche
Mimi napaka grisi yenye grafati kwenye ncha na inatoka vilevile. Haina vumbi la makaa. Kwa hiyo ni utelezi, si gesi wala si kuzuia kushikana.

#21 Nyundo Mbili
Grisi nayo inaungua na kutoa gesi na mwali ule ule, Cheche. Hujathibitisha kitu.

#22 Binti Mvukuto
Nilijaribu majivu makavu ya kuni, ambayo hayana cha kuungua. Yalisaidia kidogo, si kama makaa. Kwa hiyo kuna kitu kwenye kuungua, na kuna kitu kwenye kutenganisha. Zaidi ya hapo sijui niseme nini. Ila anayetumia grisi asimame pembeni, isitazamane na uso wake. Ile inaruka.

#23 Mfua Usiku
Naomba niingize swali lingine. Nataka panchi ya pili iwe ya kutobolea jicho la nyundo. Tundu la mwisho nataka mm 25. Kwa nini wengi wanatumia panchi bapa na si ya duara ya mm 25?

#24 Tupa Bapa
Hesabu ndogo mkuu. Panchi ya duara ya mm 25 inatoa kidonge chenye eneo la mm za mraba 491. Panchi bapa ya mm 32 kwa 8 yenye ncha za duara inatoa kama 242, nusu tu. Chuma kilichobaki unakitanua kwa kuingiza chuma cha kutanulia, na mashavu ya nyundo yanabaki na nyama. Sasa angalia mzingo: duara la mm 25 lina mzingo wa mm 78 na nusu, na ule upenyo bapa una mm 73. Kwa hiyo hulazimishi chuma kuvutika sana, umekibadilisha umbo tu.

Na nguvu ya kuisukuma ile bapa ni ndogo ukilinganisha na duara la mm 25. Kwa mkono mmoja na nyundo ya kilo moja na nusu, hilo duara litakutoa jasho bure.

#25 Jiliwa
Hiyo ya bapa mm 8 ndiyo inayopata moto haraka kuliko zote. Ni kipande chembamba ndani ya tanuri. Hesabu mapigo yako hapo, mawili na kuchomoa.

#26 Mfua Usiku
Wakuu nimerudi na majibu. Nimekata mm 15 za ncha iliyovimba, nimeifua upya na mnenepo kama alivyosema Binti Mvukuto, mm 12 kwenda 15. Kingo nimezinoa mpaka zikakwaruza kidole. Nimetoa kabari. Nimeweka vumbi la makaa. Nimepiga mapigo matatu matatu na kuchovya. Sikuzimisha kwenye oili safari hii, niliipasha mpaka nyekundu nikaiacha ipoe hewani.

Matundu sita kwenye bapa lile lile la mm 16. Haijanasa hata mara moja. Kiwiko kimetulia. Kila tundu mioto miwili.

#27 Cheche
Hongera sana mkuu. Lakini sasa umebadilisha mambo sita kwa mpigo mmoja. Ni lipi lililoponya?

#28 Mzee wa Fuawe
Mapigo matatu.

#29 Binti Mvukuto
Kingo. Mapigo matatu yanatosha kwa sababu kingo zinakata. Mpe panchi yenye kingo za duara apige matatu matatu, atafika mioto mitano na ncha itavimba vilevile.

#30 Koleo Refu
Angalieni pia hakuzimisha na bado imefanya kazi. Basi ile kazi yote ya oili na rangi ya majani makavu kwenye panchi ya moto haina maana. Ugumu unafutika tundu la kwanza.

#31 Tupa Bapa
Ina maana kidogo. Ncha haitumiki ikiwa na moto muda wote. Pigo la kukata baada ya kugeuza kazi linapita kwenye lile doa jeusi, na pale chuma kimeshapoa. Ncha laini inapata denti pale. Mfua Usiku, hebu itazame sasa baada ya matundu sita.

#32 Mfua Usiku
Nimeipima kwa kalipa. Ilikuwa mm 12.0, sasa ni 12.3 kwenye uso. Na upande mmoja wa kingo umelala, kama mm 5 za mzunguko. Upande wa pili bado unakwaruza.

#33 Binti Mvukuto
Upande mmoja tu? Vidonge umevitunza? Vitazame.

#34 Mfua Usiku
Viwili nimevipata chini ya fuawe. Vina unene wa mm 4 tu, nilishangaa maana bapa ni mm 16.

#35 Nyundo Mbili
Usishangae, chuma kingine chote kimesukumwa pembeni ndiyo maana bapa limevimba kuzunguka tundu. Kidonge chembamba ni dalili nzuri, ulikwenda karibu na fuawe kabla ya kugeuza.

#36 Mfua Usiku
Ila si duara kamili. Upande mmoja kina ukingo mwembamba kama mwezi mchanga. Vyote viwili, na ni upande ule ule.

#37 Binti Mvukuto
Basi panchi haisimami wima. Ulipotoboa upande wa kwanza ililala, ulipogeuza ikalala kinyume, matundu mawili hayakukutana sawasawa na kidonge kikakatwa kwa mshazari. Na ukingo wa upande huo ndio unaobeba pigo zima. Ncha yako ya kwanza ulisema ilivimba na *kupinda*. Moto unavimbisha, ila kupinda kunataka kitu kinachosukuma upande.

Chukua skwea, simamisha panchi juu ya fuawe ikiwa kwenye mpini wake, uushike kama unavyoushika kazini.

#38 Mfua Usiku
Nimefanya hivyo. Nikiiachia isimame yenyewe iko wima kabisa. Nikiushika mpini usawa wa kiuno changu, kisogo kinalala mbele, mbali nami, karibu mm 6. Jicho halikutobolewa sawa, mpini unatoka ukiinamia chini. Nikitaka panchi isimame wima inabidi niushushe mkono chini ya kiuno.

#39 Koleo Refu
Au fuawe lako liko chini mno kwa kimo chako.

#40 Mzee wa Fuawe
Panchi ikilala kidogo haivimbi ncha, kijana. Zangu nyingi zimelala. Ila jicho litanue tena kutoka upande wa juu, kwa moto, uinue mpini. Usilitanue kwa drili.

#41 Mfua Usiku
Sawa mzee. Nitalitanua jicho kwanza na kila kitu kingine nikiache kilivyo: mapigo matatu, vumbi, kingo nizinoe zirudi mm 12.0. Kisha matundu sita mengine kwenye bapa hilo hilo, nipime. Vidonge vyote sita nitavitunza safari hii.